Wivu Wangu kwa Mama Muganga

Nakumbuka siku moja, nikiwa kijana wa mtaa wa Mapendo mwenye mabega mapana na akili nyembamba, nilimwonea wivu mama wa miaka hamsini. Usicheke, mwanangu. Kama wivu ungekuwa moto, mlima wa volkano Nyiragongo ungekuja kwangu kuomba kaa.

Mke wangu, Kavira, alikuwa amejifungua mutoto wetu wa tatu, wote wakifuatana mwaka kwa mwaka, na safari hiyo damu ilimtoka hata uso ukawa kama majivu. Alipoanza kurudi kliniki, nyumba ikajaa jina la muuguzi wake, ndiye huyo mama muganga. Mama Sifa amesema hivi, Mama Sifa amesema vile. Mara elfu kwa siku! Tukila sombe, Mama Sifa. Tukilala, Mama Sifa. Lakini walichoongea wao wawili faraghani, mimi hakuniambia.

Siku ya randevu, siku aliyopangiwa kurudi, nikaficha kadi yake ya kliniki ndani ya kiatu changu cha kanisani ili asiende, kisha nikaenda mwenyewe kumfokea huyo mama.

— Unamufundisha bibi yangu nini kwa kujificha?

Akanipima kwa macho.

— Papa, umeleta swali ao umeleta wivu? Ya wivu, dawa imekwisha hapa.

Wamama waliokuwa wakinyonyesha kwenye benchi wakaangua kicheko. Nadhani hata Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, walisikia. Mama Sifa akaniketisha.

— Tunawaonyesha wamama njia za kupumuzisha tumbo. Vidonge, sindano, kijiti cha mukono. Mama mwenyewe anachagua. Mimba inaweza kuingia hata mbele ya damu ya mwezi kurudi, na mutu aliyetoka damu vile, kuzaa tena haraka ni hatari. Bibi yako anaogopa nini, unajua?

— Sijui.

— Mimi nilimuuliza. Wewe je?

Diploma yangu niliipata shule ya jioni, mwanangu, lakini swali hilo halikuwa katika mtihani wowote.

Nikarudi mbio, nikamtolea Kavira kadi yake, nikamuuliza anaogopa nini. Alilia kwanza.

— Naogopa kufa niache hawa watatu.

Tukaenda pamoja siku ile ile. Yeye akachagua njia, mimi nikabeba mutoto.

Basi shika hili. Mkeo akimwambia muuguzi yale asiyokuambia wewe, usimchukie muuguzi. Jiulize masikio yako yalikuwa wapi. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, nami naongeza: kutouliza kunaweza kuua. Msindikize, sikiliza, na uamuzi wa mwili wake mwachie mwenyewe. Mungu akupe watoto walioshiba, na mama yao awaone wakiota ndevu.