Kioo, Tena Kibaya

Siku yangu ya kwanza kazini nilifukuzwa saa tatu asubuhi, na saa tano nikarudishwa. Naanza hapo kwa sababu karibu yote niliyojifunza baadaye katika kazi ya kuchagua vito yalikuwa tayari ndani ya saa hizo mbili, ila sikuyaona.

Nilikuwa nimetoka Lubumbashi na licence, shahada ya jeolojia, na vita vilikuwa vimefunga kila ofisi ambako ningeweza kuipeleka. Nyumbani Baraka, mtu pekee aliyeshughulika na mawe alikuwa Mzee Sonara, fundi wa dhahabu mwenye meza chini ya bati karibu na soko. Aliisoma karatasi yangu mbele na nyuma, kisha akauliza kama chuoni walitufundisha kunyamaza. Nikasema hapana. Akaniajiri hivyo hivyo.

Mteja wa kwanza alikuwa mwanajeshi. Alichukua pete yenye jiwe la bluu.

"Hii inakinga muntu asizame mu maji?"

"Inakinga sana," alisema Mzee Sonara.

"Nani aliijaribu?" niliuliza mimi.

Mzee alimgeukia mteja. "Inasaidia zaidi benye banajua kuogelea," akasema.

"Na wasiojua?"

Mwanajeshi aliweka pete mezani akaenda zake, nami nikafuata muda mfupi baadaye. Saa tano alirudi akasema anataka achaguliwe pete na yule dada mwenye kuharibu biashara, kwa kuwa yeye hadanganyi. Mzee Sonara alinitumia mtu nyumbani. "Maswali yako ulete," aliniambia, "lakini uulize moja moja."

Sasa niwaeleze wadogo zangu jinsi tulivyochagua. Jiwe la rangi hulitazami chini ya turubai jekundu, maana hapo kila kitu ni chekundu, hata mwenye duka. Unalitoa nje, kivulini kwanza, halafu juani. Unaligeuza uone mgongo wake: kama mgongo umefunikwa na dhahabu, uliza kwa nini. Mara nyingi nyuma kuna karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, iliyowekwa ili jiwe hafifu ling'ae. Kisha unaliweka shavuni. Kioo hupata joto la mwili upesi; jiwe la kweli hubaki na ubaridi wake. Mwisho unachukua lupu, kile kioo kidogo cha kukuzia, utazame ndani. Kioo kina mapovu ya duara kama ya soda. Jiwe la kweli lina nyuzi, ukungu na mipasuko midogo, ambayo watu wa kazi huiita bustani. Jiwe lisilo na kasoro hata moja, ogopa. Nilimwambia Mzee kwamba sheria hiyo ingefaa kwa wachumba pia. Akasema hakuniajiri kwa ajili hiyo.

Jina langu lilienea kando ya ziwa. Watu walitoka mbali kuja kwa mademoiselle wa mawe, nami niliwaambia ukweli, kwa furaha ambayo sasa inanitia haya kidogo. Mama mmoja aliwahi kuniletea kidani cha zumaridi alichokitunza tangu ndoa yake. Nikamwambia ni chupa ya bia, na nikamtajia bia yenyewe.

Ndipo akaja Furaha, muuguzi wa hospitali ya Nundu, bado amevaa sare ya kazi.

"Dada, natafuta jiwe."

"La kuvaa?"

"La kukosa," alisema. "Jiwe gani hapa kwetu muntu anaweza kutafuta mpaka achoke?"

Alinieleza. Commandant aliyeongoza wanajeshi kule Fizi alitaka kumwoa. Ni jeshi gani, sitaji; wakati ule lilibadilika jina kila msimu. Alikuja kwa baba yake Furaha na walinzi sita, akasema mbele ya pasta: "Ombeni kitu chochote, mi nitaleta." Kumwambia hapana mtu wa namna hiyo halikuwa jibu. Lakini kuomba kitu, alikuwa ameruhusu mwenyewe.

"Rubi," nilimwambia. "Jiwe jekundu. Turmalini za kijani huletwa na wachimbaji, lakini rubi sijaona hata moja ikitoka kwetu."

"Na nani atasema kama iko ya kweli?"

"Mimi."

Alinitazama kama anavyomtazama mgonjwa kabla ya sindano. "Basi usichoke kusema ukweli, dada."

Familia ikaomba pete moja tu, ya rubi ya kweli, iliyokubaliwa na mademoiselle wa mawe wa Baraka. Niliona kazi hii imeumbwa kwa ajili yangu. Ningesema ukweli, na ukweli ungemwokoa mtu.

Hivyo nikahamia kituo changu cha pili, bureau, ofisi ya Commandant, Fizi, kwa cheo cha expert. Nilipewa meza na kiti cha miguu mitatu. Commandant alikuwa mtu mpole kwa maneno.

"Mademoiselle, mi napenda ukweli. Jiwe likiwa mubaya, sema iko mubaya."

Jiwe la kwanza lililetwa na dereva wake. Lilikuwa jekundu zuri ajabu. Nililiinua dirishani nikaona ndani yake herufi mbili na nusu. Nikatoka nje, nikaizunguka jeep, nikarudi.

"Commandant, hii ni taa."

"Taa gani?"

"Ya nyuma. Ya kulia."

Commandant alikwenda kutazama mwenyewe. Dereva alikuwa anachunguza mawingu.

Baada ya hapo yalikuja mengi, maana kila mtu alitaka kumpendeza mkubwa. Ililetwa shanga ya rozari, ikaletwa chupa ya dawa ya kikohozi, na zaidi ya yote zililetwa taa. Niliandika kioo, plastiki, kioo. Baada ya wiki chache hapakuwa na gari kati ya Fizi na Baraka lililoweza kuonyesha kwamba linasimama. Furaha aliendelea kuzalisha akina mama Nundu, nami nilikuwa sijasema uongo hata mmoja.

Kisha akaja mfanyabiashara wa samaki kutoka Kazimia, na pete ya bibi yake, yenye jiwe jekundu, imefungwa katika kitambaa. Niliiweka shavuni. Ilikuwa baridi, ikabaki baridi. Nikachukua lupu. Ndani kulikuwa na nyuzi nyembamba kama hariri, zimepishana. Bustani nzuri kuliko zote nilizowahi kuona.

"Shi namna gani?" Commandant aliuliza. Alikuwa amesimama.

Mimi niliyeuliza kila kitu, wakati huo sikuwa na swali.

"Kioo," nilisema.

"Kioo?" mwenye pete alisema. "Bibi alivaa hii mpaka tukamuzika."

"Pole, baba."

Commandant hakuketi. "Zile zingine ulisema mbio, mademoiselle. Hii umekawia." Akatuma jeep, isiyo na taa hata moja nyuma, ikamlete Mzee Sonara.

Nilingoja saa nyingi kwenye kile kiti. Nilimjua Mzee. Mbele ya mnunuzi, hakuwahi maishani mwake kukiita kioo kioo. Akisema rubi, Furaha anaolewa Jumapili, na mimi nafungwa.

Alifika na koti lake la sikukuu. Hakunisalimu. Aliiweka pete shavuni, akafumba macho, akakaa hivyo mpaka nikadhani amelala.

"Kioo," alisema. "Tena kibaya."

"Mbona iko baridi?" aliuliza Commandant, ambaye kwa bahati mbaya nilikuwa nimemfundisha.

"Commandant, Fizi yote leo iko baridi."

Mwenye pete alichukua mali yake akatoka, akitutukana pamoja na chuo kikuu. Mzee Sonara aliomba anirudishe Baraka kwa kuwa meza yake imelala, na Commandant, aliyechoka kuona wekundu, akakubali.

Njiani nilimuuliza Mzee alijuaje niliyosema.

"We ukisema kioo, unajivunaka," alisema. "Leo ulikuwa unaangalia viatu." Tukapita mashimo kadhaa. "Sasa njo umejua kazi."

Nilistaafu wiki hiyo, nikiwa na miaka ishirini na saba. Mtu anayeishi kwa kuaminiwa hawezi kuendelea akishajua jinsi anavyoweza kudanganya vizuri. Sasa nafundisha kemia sekondari. Commandant alihamishwa na jeshi lake msimu uliofuata, akiwa bado anatafuta. Furaha aliolewa na mwalimu, kwa pete isiyo na jiwe lolote. Alinionyesha, nikaiweka shavuni kwa mazoea, akacheka.

Ninyi mnaonunua, tokeni nje ya turubai, geuzeni jiwe, ombeni lupu. Na mtazameni pia anayewachagulia, kama anaangalia viatu.

Na baba wa Kazimia, kama haya yamekufikia, mimi ndiye. Ile ilikuwa rubi, tena nzuri.