Wafunga Hema wa Shingoni

Ziwani kote, na anayebisha abishane na ukuta, hakuna anayefunga hema la matanga kama Jackton. Upepo hulijaribu ukarudi kwao umeaibika. Lakini ikifika saa ya kutoa shukrani, hutajwa mchungaji, hutajwa kwaya, hutajwa hata yule aliyekuja na gari kubwa, akala, akaondoka. Aliyewapa kivuli hana jina. Jackton hubaki nyuma anakunja turubai, uso nao ameukunja.

Basi jino likamwoza, na tezi chini ya taya ikavimba kama yai. Shemeji yake Kweyu, mwenye maneno mengi kuliko meno, akaja na wembe mpya na jivu kwenye karatasi. Kwao uvimbe huchanjwa, damu chafu itoke. Jackton, ambaye hata chai ilikuwa haipiti, alikaribia kuitoa shingo. Ila akaomba amngoje kwanza mpwa wake Clare, anayefanya kazi kwenye maabara ya kliniki moja mtaani Komarock, huko mjini.

Clare akafika, akaipapasa shingo, akachungulia mdomoni. Ugonjwa uko kwenye jino, akasema, na waende likatibiwe leo hii. Tezi isiguswe. Mle ndani kuna seli zilizoshikana kama wavu. Seli za kinga hutembea juu ya wavu huo. Wavu wenyewe ndio huzionyesha njia, huzilisha zisife, huzikutanisha na zile zinazoleta habari za vijidudu. Waleta habari wakifika wengi, huugusa wavu, na wavu hulegea ili tezi ipanuke, wote waenee.

"Zinalegeza kamba," Jackton akasema.

"Ndiyo, anko."

"Na huwa zinashukuriwa?"

Clare akacheka. Kwa muda mrefu, akasema, hata wataalamu walizisifu seli za kinga, hizi za wavu wakazichukulia kama ukuta tu.

Hapo Jackton akafura kuliko tezi yenyewe. Yaani dharau ya matangani imemfuata hadi ndani ya shingo yake. Akamgeukia Kweyu.

"Shemeji, watu wakijaa matangani, wewe hupasua hema?"

Kweyu akajibu hapana, kwa sauti ya mtu aliyekutwa na nyama mfukoni.

"Basi funga huo wembe. Hawa ni watu wangu na wako kazini."

Kweyu akamwaga jivu mlangoni. Jackton akatoka na Clare kwenda kung'olewa jino, kiganja amekiweka shingoni polepole, akinung'unika kwamba angalau yeye atawashukuru.