Kikombe yenye kubonyea

Leo nilitaka kumupatia muzee mumoja kikombe kipya, akakikataa.

Asubuhi mama mumoja wa mutaa wa Bel-Air aliingia mu atelie yangu ya vyombo vya udongo, hapa mutaa wa Makomeno, ameshika papa yake mukono. Muzee haone tena. Balileta kikombe nilitengeneza zamani, sikio yake ya kushikia imevunjika.

Nilikitambua mara moja, nikapata haya.

Wakati ule nilikuwa bado najifunza. Kidole changu kilibonyeza udongo mubichi, shimo kidogo ikabaki pembeni. Nilikiuza vile vile, sababu sikuwa na moyo wa kukitupa.

Nikasema: "Papa, muache hiki. Nitawapatia kingine kizuri, bila kasoro."

Akapokea kile kipya. Akakizungusha polepole, kidole gumba kinatafuta.

"Hii iko ya bageni," akasema. "Changu kiko wapi?"

Binti yake akanielezea. Kwao bantu beko bengi, na vikombe vyote viko sawasawa. Ile shimo njo inamuonyesha cha kwake.

Muzee akaongeza: "Mu ile nyumba, hii tu njo nakamata bila kuuliza muntu."

Nikarudisha kile kipya pahali yake. Miaka yote niko nalainisha vikombe, nafuta kila alama ya mukono wangu. Halafu najiuliza sababu gani bantu habavipende sana.

Sikio sikuweza kurudisha. Nilisugua tu mahali ilikatika, isimukate.

Akaenda nacho, amekikumbatia na mikono mbili, kidole gumba mu shimo.

Na kwenu, kikombe gani hamuwezi kumupatia mugeni?