Aliyetumwa Kukaa kwa Dobi

Mdogo wangu wa kike alipata kazi ambayo nilichukua muda kuielewa, na nilipoielewa sikuipenda. Kwenye kadi yake waliandika "mjasiriamali mkazi". Nilimuuliza maana yake siku ile ile alipoileta nyumbani.

"Ni mtu aliyewahi kujenga biashara," akasema. "Wanamweka ofisini kwao akae."

"Akae afanye nini?"

"Afikiri."

"Na wao wanafanya nini?"

"Wana pesa, kaka. Wanatafuta pa kuziweka."

Basi ndiyo hivyo. Siku hizi kuna kampuni zisizotengeneza kitu wala kuuza kitu. Hukusanya pesa za matajiri, wakazitia kwenye biashara za watu wengine, kisha wakasubiri zizae. Kwa kuwa wenyewe hawajawahi kushona kifungo wala kufungua duka asubuhi, humtafuta mtu aliyefanya hayo, wakampa meza, posho na muda. Akipata wazo jipya la biashara, wanamtilia mtaji. Asipolipata, wanamtuma kwenye mojawapo ya biashara walizoingia, akaitazame kwa niaba yao.

Mdogo wangu alikuwa ameshona sare za shule karibu maisha yake yote. Alianza na cherehani moja sebuleni kwake, akaishia na karakana yenye kelele ambayo ukipita nje ulidhani mvua inanyesha kwenye bati. Mzazi alikuja na mtoto, mtoto akapimwa, pindo likaachwa refu ili lishushwe mwaka unaofuata. Sasa nani anashusha pindo? Sare zinakuja zimefungwa kwenye nailoni, mtoto anatafutiwa inayomkaribia, na ikimbana inatupwa. Hakugombana na mtu, hakumdhulumu mtu. Wateja waliacha tu kuja, naye akaziuza cherehani kwa mafundi wake mwenyewe kwa bei ya kutupa.

Alipoingia kwenye ofisi ile alidhani atapumzika. Kumbe hakuna kazi inayochosha kama kukaa ukingoja wazo. Ofisi ilikuwa ghorofani, vyumba vya vioo vitupu, mtu akijikuna sikio wote wanamwona. Vijana walipita wamekumbatia kompyuta zao, wakimwamkia kwa adabu, "Shikamoo mama. Wazo limekuja?" Kama vile wazo ni mgeni atakayepiga hodi.

"Liko njiani," alijibu siku za mwanzo, nao wakacheka. Baadaye alijibu "marahaba" peke yake.

Mkuu wa ofisi alikuwa na umri wa mwanawe wa kwanza. Nyumbani tulimwita Bosi Kijana. Hakuvaa tai, alivaa raba nyeupe, na alitaka wafanyakazi wote wamwite kwa jina kana kwamba wamecheza naye utotoni. Mkataba wa mdogo wangu ulipobaki kidogo kwisha, akamwita kwenye chumba kimojawapo cha vioo.

"Mama, tuna kampuni moja ya dobi. Tumewanunulia mashine, na sehemu kubwa ya kampuni sasa ni yetu. Kazi ipo, wateja wapo, lakini mzigo hautoki kwa wakati. Nenda ukakae na mwenyewe. Ukirudi sitaki ripoti ndefu. Nitakuuliza swali moja tu."

"Swali gani?"

"Inaweza kwenda bila yeye?"

"Kama inaweza, kiti chake unakaa wewe," Bosi Kijana akasema. "Kama haiwezi, basi, mkataba ukiisha tutaagana vizuri."

Alinieleza haya jioni ile hata kabla hajavua viatu. Nikaona jinsi alivyobanwa. Jibu moja lilimpa yeye riziki, na jibu la pili lilimwachia mzee mwenzake riziki yake.

"Huyo dobi anajua unakwenda kufanya nini?"

"Ameambiwa nakwenda kumsaidia."

"Zamani," nikamwambia, "aliyetaka kiti chako alikuja kukwambia usoni, mkatukanana, mkamaliza."

"Zamani sikuwa na kodi ya nyumba, kaka. Nipishe nipite."

Yule dobi aliitwa Mjomba na kila mtu, hata na waliomzidi umri. Alianza kwa kubeba nguo za watu kichwani, mlango kwa mlango, na pasi ya mkaa iliyomchoma mikono yote miwili. Sasa alikuwa na banda refu lenye mashine za kufulia upande mmoja, za kukaushia upande wa pili, na katikati meza za kupigia pasi. Alifua mashuka ya hospitali moja na hoteli kadhaa. Mvuke ulijaa mpaka miwani ya mdogo wangu ikaingia ukungu alipoingia.

Sisi watu wa zamani tuna ugonjwa mmoja: mtu akija kutusaidia, tunamwonyesha kwanza pale panapouma. Mjomba alidhani mgeni ametumwa kupeleleza habari za boila mpya, tangi la kuchemshia maji na mvuke, aliyoiomba muda mrefu. Kwa hiyo hakuficha kitu.

"Hii mashine inatetema, dada. Hii inabakisha sabuni. Na boila ndiyo hiyo, inakohoa kuliko mimi. Waambie wakubwa kila kitu, usinionee haya."

"Nitawaambia," mdogo wangu akasema.

Kila alichoonyeshwa kilikuwa ushahidi dhidi ya aliyemwonyesha. Lakini si mashine zilizochelewesha mzigo. Mzigo ulicheleweshwa na kiganja cha Mjomba. Furushi halikutoka bandani mpaka alifungue, atandaze kila shuka mezani, apitishe kiganja kutoka pindo hadi pindo, alinyanyue kwenye mwanga wa dirisha, kisha alikunje upya yeye mwenyewe. Kiganja hicho ndicho kilichomjengea jina. Wakati ule akifua nguo za nyumba chache, kila mwenye nyumba alijua shati likitoka kwa Mjomba halina doa wala mkunjo. Sasa mafurushi yalipanda ukutani mpaka usawa wa dirisha, na Mjomba alikuwa bado chini anapapasa.

Dereva wa gari la hospitali alikuwa akimngoja nje, ameegemea bodi la gari.

"Mjomba, wagonjwa wamelala kwenye godoro tupu huko. Wewe bado unabembeleza shuka?"

"Tulia, kijana. Ukiugua utataka kulala kwenye shuka langu."

"Nikiugua leo nitapona kabla halijafika."

Wanawake wa kwenye meza wakacheka, na Mjomba akacheka nao. Aliyechekea chini kwa chini ni msimamizi wao, mwanamke mnene mwenye sauti ya ukali waliyemwita Mama Pasi. Alikuwa na Mjomba tangu enzi za mkaa. Alimheshimu, na pia alimchoka, na hakuona shida kuyabeba yote mawili.

Mdogo wangu alikaa pale wiki baada ya wiki. Alipewa kiti karibu na meza ya Mjomba. Mchana mzee alimgawia chakula chake kutoka kwenye kontena alilotoka nalo nyumbani, bila kumuuliza kama ana njaa. Alimsimulia habari za mkewe aliyefariki, na za wanawe ambao hakuna hata mmoja aliyetaka kunusa sabuni. Mdogo wangu alirudi nyumbani kila jioni amechoka kuliko enzi zile aliposhona mpaka vidole vikavimba.

"Kazi gani inakuchosha hivyo," nikamuuliza, "na umekaa tu?"

"Kula chakula chake," akasema.

Ndipo likaja jino. Mjomba aliamka shavu limevimba, akaenda kung'olewa, na banda likashinda bila yeye. Mama Pasi aliwaangalia wenzake, akamwangalia mdogo wangu, halafu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Funga mafurushi, pakia." Kila mpiga pasi alikagua lake mwenyewe palepale mezani. Mchana haujafika, ukuta ulikuwa mweupe bila furushi hata moja, na dereva wa hospitali alisinzia garini wakamwamsha kumwambia mzigo tayari. Akadhani wanamtania.

Siku zilizofuata mdogo wangu alingoja malalamiko. Hakuna shuka lililorudishwa, si kwa doa, si kwa mkunjo. Mama Pasi alimfuata pembeni ya kamba za kuanikia.

"Wewe umeona, na mimi nimeona. Usimwambie. Utamuua."

Nami nilimwambia vivyo hivyo. Nilimwambia aende kwa Bosi Kijana aseme haiwezi, aiache kazi yao, tutakula tulichonacho.

"Nitakuwa nimesema uongo."

"Wao hawasemi? Walimwambia mzee umekwenda kumsaidia."

"Kaka, wale wanawake wanafanya kazi mpaka giza linaingia kwa sababu ya kiganja cha mtu mmoja. Watoto wao wananing'inia getini wakiwangoja. Huwaoni hao?"

Nikakasirika. Mimi nampenda Mjomba bila kumjua. Napenda mtu anayegusa kazi yake kabla haijatoka. Wamebaki wachache, na wanaobaki tunawaita kikwazo.

Ijumaa, wafanyakazi walipokwisha kuondoka, mdogo wangu hakuondoka. Mjomba alikuwa akipangusa meza.

"Mjomba, sikuletwa kwa ajili ya boila," akamwambia. "Jumatatu nitaulizwa kama mahali hapa panaweza kwenda bila wewe. Nikisema panaweza, wananipa kiti chako."

Mzee akaendelea kupangusa pale pale palipokwisha kuwa safi.

"Kumbe nimekuwa namtembeza mwizi nyumba nzima," akasema. "Nimemwonyesha hadi dirisha bovu. Na chakula nimempa."

"Ndiyo, Mjomba."

"Umekula kweli, wewe. Hukuacha hata ukoko."

Mdogo wangu aliinamisha kichwa. Mzee akaweka kitambaa chini, akauliza kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko tusi.

"Ile siku ya jino, ilikuwaje? Nimewauliza hawa, kila mtu anatazama miguu yake."

Hapo angeweza kumwokoa kwa neno moja. Aliniambia alilitafuta neno hilo na halikuwepo.

"Mzigo ulitoka mapema. Hakuna kilichorudi."

"Hata shuka moja?"

"Hata moja."

Mjomba akavuta kiti akaketi. Alikitazama kiganja chake, akakifunga, akakiweka mapajani. Boila ilikuwa inapoa, ikikohoa kila baada ya muda.

"Nimechoka, unajua," akasema. "Kila asubuhi nikiuona ule ukuta wa mafurushi natamani kulia. Lakini nilidhani nikitoa mkono, kila kitu kitachafuka." Akaigeukia boila, akauliza, "Nikiondoka boila watanunua?"

"Nadhani watanunua."

"Wamekuwa wakingoja niondoke ndipo wanunue. Haya. Lakini usiwape nafasi waje kuniondoa wao. Kesho nitaondoka mwenyewe, mbele ya watu wangu. Sasa nenda nyumbani kwako, dada. Sitakuambia karibu tena."

Jumamosi aliwakusanya wapiga pasi na wafuaji. Hakutoa hotuba. Alisema amezeeka na jino limemkumbusha. Akamshika Mama Pasi mkono, akampeleka kwenye meza yake na kumkalisha, na wanawake wakageuza nyuso ukutani. Dereva wa hospitali, aliyekuwa amekuja na neno lake la mzaha tayari, alivua kofia akasimama mlangoni mpaka mzee alipopita. Mdogo wangu alikuwapo. Mjomba alimpita bila kumtazama.

Jumatatu akapanda kwenye vioo. Bosi Kijana alikuwa amekunja mguu juu ya mguu.

"Enhe, mama. Inaweza kwenda bila yeye?"

"Inaweza. Amekwisha ondoka."

Bosi Kijana akafurahi. Kuondoa mtu kwa kawaida kunataka mwanasheria na miezi ya kununiana.

"Umefanyaje?"

"Nilimwambia ukweli."

"Safi sana. Basi tuandike mkataba wako wa umeneja."

"Hainihitaji mimi pia," mdogo wangu akasema. "Pana mwanamke pale anaitwa Mama Pasi. Siku mzee hayupo aliendesha yeye, mimi nilikaa nikinywa chai. Mpe yeye kiti, na mshahara wa kiti, na boila."

Kijana alicheka kwanza, kisha akaona mwenzake hacheki. Akasema wenye pesa hawawezi kuonyeshwa meneja aliyetoka kwenye meza ya pasi, hana cheti, hajui kuzungumza mkutanoni. Mdogo wangu akamwambia basi wamfundishe kuzungumza, kwani kazi anaijua. Wakavutana mpaka kijana akaangalia saa. Mwisho akakubali awe kaimu. Kaimu ni neno wanalolipenda: kazi unapewa yote, mshahara unaongezwa kidogo tu, na heshima inasubiri. Boila waliinunua.

Mkataba wa mdogo wangu uliisha pamoja na mwezi. Vijana walimwandalia keki, wakapiga picha naye, wakamwambia wazo likija asiwasahau.

Siku ile aliporudi na kimfuko cha vitu vyake vya mezani nilishindwa kujizuia. Nilimwambia kinywa chake kingeishia kwenye "inaweza" angekuwa na kazi sasa. Mjomba alikwisha ondoka, hakuna ambacho kingembadilikia.

"Ningekaa kwenye kile kiti," akasema, "nikimwangalia Mama Pasi akifanya kazi yangu. Nimekwisha kukaa vya kutosha."

"Na mzee?"

"Nilikwenda kwake juzi. Nilibisha hodi. Nilimsikia ndani anakohoa."

"Akakufungulia?"

Akatikisa kichwa kukana. Aliketi kwenye ukingo wa kitanda changu, akafungua kamba za viatu polepole, akauliza kama maji ya moto yapo. Nikamwambia yapo, nikaenda kumletea beseni.