Mtaa Uliosema Haumjui Mama

Kiwalani tulikuwa na desturi ambayo mgeni aliiona kama kichaa kidogo. Ndege ilipoanza kushuka kuelekea uwanjani, mtaa mzima ulinyamaza. Muuza maji alikatisha bei katikati, wacheza bao waliacha kutaniana, na mume na mke waliokuwa wakigombana walibaki wakitazamana, kila mmoja ameshikilia neno lake mdomoni. Tumbo la ndege likishapita juu ya mabati yetu, kila mtu aliendelea palepale alipoachia. Mama alikuwa bingwa. Aliweza kukata karipio katikati ya neno, akasubiri mikono kiunoni, kisha akalimalizia kwa hasira ileile, haijapoa hata kidogo.

Mwaka aliostaafu, mama alitakiwa kuthibitisha kwamba anaishi pale. Watu wa ubalozi waliorodhesha vielelezo vingi vya kuthibitisha hilo, lakini huo ukimya hawakuutaja.

Dada yangu mkubwa, muuguzi, alikuwa amepata kazi ng'ambo, akaolewa hukohuko, akazaa watoto wawili ambao mama aliwajua kwa picha tu. Kila picha iliyofika aliibandika kwenye kioo cha kabati, mpaka kikabaki kipande kidogo cha kujitazamia kidevu. Asubuhi alipokuwa akifunga kitambaa kichwani, alilazimika kuinama na kujitafuta katikati ya wajukuu.

Nchi ile ilikuwa na viza ya wastaafu. Mtu mwenye pensheni yake na mtoto wa kumpokea aliruhusiwa kwenda kuishi huko uzeeni. Mama alikuwa na pensheni ya ualimu, na mtoto alikuwa naye. Kilichokosekana ni anwani.

Barua zetu zote zilikuja kwa sanduku la posta la shule aliyofundisha, na si zetu tu, nusu ya mtaa ilitumia sanduku hilohilo. Lakini ubalozi ulitaka kujua mahali anapolala. Ulitaka jina la mtaa na namba ya nyumba, au bili ya umeme yenye jina lake. Nyumba yetu haikuwa na namba. Bili ya umeme ilikuja kwa jina la mzee aliyetuuzia kiwanja, naye alishazikwa zamani. Njia iliyopita mbele yetu haikuwa na jina lolote, isipokuwa kwamba watu walipoelekezana waliambiana, ukifika kwa Mwalimu, kata kushoto. Mwalimu ni mama. Mtaa mzima ulielekezwa kwa mama, na mama mwenyewe hakuwa na pa kuelekezwa.

Mjumbe wa nyumba kumi alimwandikia barua nzuri. Alikuwa mzee mpole aliyebaki bila kazi tangu kiwanda cha nguo kilipofungwa, na muhuri wake aliuhifadhi ndani ya kopo la maziwa ya unga. Alieleza kwamba nyumba ya Mwalimu ni ile ya bati jekundu, baada ya kisima cha msikiti, yenye mkomamanga mlangoni. Karani wa ubalozi, Mtanzania mwenzetu aliyevaa tai, aliisoma yote kwa heshima. Kisha akasema kwamba siku hizi kuna vyama vingi, na mjumbe ni mtu wa chama, kwa hiyo barua peke yake haitoshi. Wangetuma mtu kwenda kuulizia. Angekuja siku yoyote, bila kutoa taarifa. Akimkosa mwombaji, maombi yanafungwa, na mtu haruhusiwi kuomba tena mpaka mwaka uishe.

Mama alitoka pale anatabasamu. Waje tu, aliniambia, Kiwalani hata asiye na macho akiniulizia ataletwa mpaka mlangoni.

Tangu siku hiyo alifagia uwanja mara mbili kila asubuhi na kushinda na kanga za Idi. Mie nilikuwa nikiandika riwaya yangu ya kwanza katika chumba cha nyuma, kwa mashine ya kupiga chapa niliyoazima kwa rafiki wa Kinondoni, ambako wachache wetu tulikutana kila Jumamosi kusomeana kurasa na kubishana hadi chai ikapoa. Niliamini kila sentensi niliyoiandika ingeibadilisha nchi. Mama aliniomba nihamishe mashine, maana mgeni akisikia ule mlio atadhani hapa ni ofisi, si nyumba ya mtu. Nikahamia jikoni. Kurasa zangu za miezi ile zina madoa ya mafuta mpaka leo.

Tulipoitwa tena ubalozini, tulidhani tunaitiwa viza. Karani hakutuangalia usoni. Alisema afisa wao alifika Kiwalani, akapita njia zote, akaulizia kwa jina kamili kama lilivyo kwenye pasipoti, na hakuna mtu hata mmoja aliyemjua mama huyo. Faili lilikuwa linangoja saini ya kufungwa.

Kutoka barabarani hadi nyumbani mama alitembea ameukumbatia mkoba kifuani. Alipewa shikamoo kila hatua na hakuitikia, yeye aliyewafundisha nusu ya mtaa ule kuamkia. Alipoingia ndani alisimama mbele ya kabati. Picha moja ilikuwa imeanza kujikunja pembeni. Aliibandua, akailamba gundi yake kidogo, akaibandika upya, akaisugua kwa kidole gumba muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Nilitoka kwa hasira kwenda kwa mjumbe. Nilimuuliza ni nani katika mtaa huu asiyemjua mama. Mzee akaniuliza huyo mtu aliyekuja alikuwa na faili? Nikasema bila shaka. Akajishika kichwa.

Ndipo akanikumbusha. Mwaka ule zilizagaa habari kwamba uwanja wa ndege utapanuliwa. Njia ya chini yetu walipita watu wenye mafaili, wakaulizia wenye nyumba kwa majina kamili, kwa upole kabisa, na wenye nyumba wakakaribisha, wakatoa na viti. Baada ya siku chache kuta zao zilipigwa alama ya X kwa rangi nyekundu, ya kubomolewa. Mtaa wetu ukafanya kikao, na kikao kilifanyika uwanjani kwetu, chini ya taa ya barazani. Mie sikuwapo, nilikuwa Kinondoni nikibishana juu ya ushairi.

"Sasa unajua nani alisimama akatoa lile agizo?" mjumbe aliniuliza.

Nilianza kuhisi.

"Mama yako. Alisema, mtu mwenye faili akija akaulizia jina kamili la yeyote, humu hakuna mtu huyo. Akatuuliza kama tumeelewa. Sie tukamjibu kwa pamoja, kama darasani."

Nilipomweleza mama, alinitazama kama aliyemwagiwa maji. Kisha akaanza kucheka. Alicheka hadi akajifuta macho kwa upindo wa kanga, akasema kumbe wale wavivu wa darasa lake walikuwa wanasikia. Lakini kicheko hakikudumu. Alibaki anaangalia sakafu, na nilijua anachokiona, mwaka mwingine wa picha.

Kesho yake tulirudi ubalozini. Mama hakutafuta maneno ya kupamba. Alimweleza karani kila kitu, kikao, alama nyekundu, na agizo lake mwenyewe. Karani aliingia ndani, akarudi na yule afisa aliyetumwa, kijana wa umri wangu, amebana faili kwapani. Alikuwa bado na kinyongo. Alisema mwenye genge la nyanya alimwambia hamjui mama huyo, labda yuko Chanika. Alipouliza mbele kidogo, fundi baiskeli akamwapia kwamba hamjui, ila kama yupo basi yuko Boko. Siku ile alirudi mjini viatu vikiwa na tope hadi kwenye kamba.

"Nitakuja mara moja tu, kesho saa nne," alisema. "Nitaandika nitakachosikia. Na mama, usimwambie mtu yeyote kwamba nakuja."

Nadhani ule ndio ulikuwa usiku mrefu zaidi katika ualimu wa mama. Neno lake moja tu lingetosha kuupanga mtaa wote mstarini, na hakulisema. Jirani alipokuja kuazima ungo, mama alimpa ungo na kufunga mlango haraka, kana kwamba neno lenyewe lingeweza kuchungulia nje.

Tulimpokea afisa kituoni, tukaingia naye mtaani. Tulipofika kwenye genge la nyanya, mwenye genge, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita wateja kutoka mbali, aliinuka.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

Hapo akaliona faili. Uso wake ukafungwa kama duka. Afisa akamwonyesha mama kwa kalamu na kumuuliza, huyu unamfahamu?

Mwenye genge alimtazama mama kuanzia kitambaa hadi viatu, akalitazama faili.

"Simjui," alisema.

"Umemwamkia sasa hivi."

"Mie nawaamkia watu wazima wote. Ndivyo nilivyolelewa."

Wakati huohuo ndege ikaja. Mtaa ukanyamaza. Fundi baiskeli nyundo yake ilibaki hewani, mama akasimama ametulia, mwenye genge akakunja mikono. Afisa peke yake ndiye aliyeendelea kuongea. Tuliona midomo yake ikienda na kalamu ikipiga faili, bila kusikia neno. Kelele zilipoisha alikuwa ameshamaliza, naye akabaki anatutazama mmoja mmoja, akingoja jibu la swali ambalo hakuna aliyelisikia.

"Mwambie," mama alisema kwa sauti ndogo.

"Nimwambie nini, Mwalimu?"

"Kwamba naishi hapa."

Mwenye genge alimsogelea, akanong'ona kwa ile sauti yake isiyojua kunong'ona, ambayo hata wa ng'ambo ya kisima waliisikia. "Mwalimu, kama wamekutisha, nikonyeze tu. Si wewe ulisema wenye faili tusiwajibu? Mie sitaki kesho iwe ni mie niliyeivunjisha nyumba yako. Hapa nilipo, kusoma nimesomea kwako, na mwanangu wa kwanza kazaliwa sebuleni kwako ile siku ya mvua. Sasa niseme nakujua ili wakupige X?"

Fundi baiskeli alidakia kutoka kule alikokuwa, akisema yeye bado anashikilia kwamba Mwalimu yuko Boko.

Afisa ndiye aliyecheka kwanza. Alijaribu kujizuia, mabega yakamshinda, hadi akalazimika kulishikilia faili kwa mikono miwili. Kisha akaomba kuiona nyumba. Mama alimpeleka mwenyewe. Kijana alisimama mbele ya kabati lililojaa watoto, akainama kidogo kutafuta mahali pa kujiona, akamuuliza mama kama ni wajukuu. Mama akaitikia kwa kichwa.

Mlangoni alifungua faili, akaandika huku ameliegemeza kwenye goti. "Mama," alisema, "hakuna mtu anayefichwa namna hii mahali asipoishi."

Sikumbuki mama alijibu nini. Nakumbuka alikaa kwenye ngazi, akavua viatu, akanyoosha vidole vya miguu juani kama mtu aliyetoka safari ndefu. Mwenye genge alikuja na nyanya zimejaa kwenye upindo wa kanga yake, analia na kutukana kwa pamoja, akidai angeambiwa mapema asingemfanyia mama balaa lile. Mama akamwambia amefaulu.

Viza ilitoka. Aliondoka na sanduku moja, na zile picha zote akaniachia kwenye kioo. Huko aendako, alisema, atakuwa na wenyewe.

Simu yake ya kwanza aliipiga kwenye duka la njia panda, lililokuwa limeweka simu ya kulipia karibu na friji ya soda. Niliitwa mbio. Sauti yake ilikuwa karibu kuliko nilivyotarajia, na nyuma yake nilisikia watoto wakigombania kitu. Nilimweleza juu ya riwaya, kwamba nimeirudisha chumba cha nyuma, naye alikuwa katikati ya kunieleza kwamba mdogo amechukua kidevu changu, niliposikia ngurumo kwa mbali juu ya bati la duka. Nikanyamaza bila kufikiri. Mwenye duka akanyamaza. Ndege ikapita, ndefu, nzito, inatikisa chupa ndani ya friji.

Upande wa pili wa simu kulikuwa kimya vilevile. Hakuita haloo, hakuuliza kama bado nipo.

Ilipopita kabisa, mama akamalizia sentensi yake.