Mchoraji mgeni aliyefungwa mikono kwa sababu ya mlima wetu wa Uvira

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni bibi sasa, naishi Kigoma, simu hii nimepewa na mjukuu. Ninayosimulia niliyaona kwa macho yangu, sina faida ya kuongeza chumvi.

Uhuru ulikuwa bado mbichi, waasi wakaingia Uvira, kule Kongo. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, tunakaa mtaa wa Nyamianda.

Jirani yetu alikuwa Ramadhani, mtu wa Ujiji. Alivuka ziwa kuja kupaka rangi mitumbwi na kuiandikia majina. Kazi ikiisha, mabaki ya rangi anayakusanya kwenye makopo ya maziwa. Anaokota vifuniko vya mapipa, anavigonga vinyooke, anasugua kutu kwa mchanga, halafu anachora.

Wakuu, anachora mlima!

Ile milima nyuma ya mji nilikuwa naiona tangu kuzaliwa, lakini sikuwahi kuitazama. Siku alipotuonyesha kifuniko kimoja, mama alikaa chini. Masizi yamekuwa vivuli vya makorongo. Udongo mwekundu umekuwa mashamba. Njia yetu ya kwenda kulima ipo, na juu yake doa jeupe kama punje ya mchele: kitambaa cha kichwa cha mama.

"Iko minye!" akasema, yaani ni mimi, akacheka kama mtoto.

Kwa msioijua, njia ile ilizunguka nyuma ya mlima. Tuliijua sisi wenye mashamba tu.

Wiki haikuisha, waasi wakakikuta kifuniko barazani kwake. Wakamtoa nje, wakamfunga mikono. Mkubwa wao akauliza, "Weye mugeni, unamuchorea nani hii njia? Askari wa serikali wapite, watuzunguke?"

Ramadhani akajibu, "Mimi nachora ninachokiona."

Jibu baya kuliko yote, wakuu. Nilisikia bunduki ikikokiwa.

Mama akatoka kwenye kundi la majirani. Mama yangu, mwanakwaya, aliyekuwa akituchapa kwa uongo wa kijiko cha sukari.

"Shefu, hakuna njia pale. Minye nalimaka ule mulima. Iko korongo tu. Uyu anaongezaka vitu ili picha ipendeze."

"Unaapa?"

"Naapa kwa Mungu."

Yule mkubwa akamtazama sana. "Basi aifute."

Wakamfungua. Ramadhani akachovya brashi kwenye kijani, akaifunika njia taratibu, kutoka chini kwenda juu. Alipofika kwenye kile kitambaa cheupe akasita, akamwangalia mama.

Mama akaitikia kwa kichwa.

Akamfuta.

Siku ileile Ramadhani alipata mtumbwi wa kumrudisha kwao. Hatukumwona tena.

Nilimuuliza mama kama hakuogopa kuapa vile. Akasema, "Zawadi mwanangu, ule mutu alituona. Mwenye anakuona vile, unamutoaje wamuue?"

Nilichojifunza: kwenu unaweza kuonyeshwa na mtu wa kuja. Mpaka leo nikiangalia mlima wowote natafuta vivuli kwanza.

Wenye kumbukumbu za watu kama Ramadhani, andikeni hapa chini. Na mtakaosema mama alitenda dhambi, njooni pia. Tutabishana kwa adabu.