Mama wa Pito Aomba Kalamu

Jumamosi, posta ya Sumbawanga ikikaribia kufungwa, mama mmoja wa kijiji cha Pito alifika dirishani kuchukua kifurushi kilichotumwa na binti yake. Karani akamsogezea wino aweke dole gumba. Mama akaurudisha taratibu.

"Naomba kalamu, mwanangu."

"Fomu imebaki hii moja, mama. Ukiiharibu, kifurushi kinalala hapa mpaka Jumatatu."

"Haitaharibika."

Akainama, akaandika herufi moja moja, sisi wa kwenye foleni tukimtazama. Jina likakamilika, limepanda kidogo upande wa kulia. Karani akamkabidhi kifurushi kwa mikono miwili.

"Ni afisa elimu aliyekuhimiza uingie kisomo cha watu wazima, mama?"

"Hapana. Mume wangu alifaulu mtihani wa kisomo kabla yangu. Tangu siku hiyo akaanza kunifundisha hata kusonga ugali."

Tulicheka wote. Mimi, afisa elimu mwenyewe, nimesimama mikutanoni mara nyingi nikiwaambia watu wasome ili tujenge taifa, na bado naamini hivyo. Lakini siku hizi nikifika kijijini kuhimiza kisomo, kwanza nauliza ni waume gani wameshafaulu, kisha naenda kuzungumza na wake zao.